Majina ya Kola na Wanaoyasoma

Matatu inayotoka Wote kwenda Machakos hupita Kola. Pande zote mbili za barabara vilima vimekatwa matuta, kazi ya majembe na ya mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi, na juu ya matuta hayo kuna maembe, machungwa, mahindi na mbaazi. Kola ni soko, na ni wodi pia, mojawapo ya wodi saba za eneobunge la Machakos Mjini. Ukisimama pale sokoni huoni mji wowote. Hilo la “Mjini” ni jina la makarani.

Nimeifuata barabara hii kwa sababu ya orodha ya majina. Kwa zaidi ya karne moja majina ya watu wa huku yamekuwa yakisafiri: yalitoka nyumbani yakaenda boma la Machakos, yakatoka Machakos yakaenda Nairobi, na siku hizi yanakaa ndani ya seva. Kwenda yamekwenda. Ninachotaka kujua ni lini mtu wa Kola aliweza kuufungua ukurasa alioandikwa yeye na jirani zake, akausoma, na kufanya hivyo kulimgharimu nini.

Kuandikwa kulitangulia kura kwa zaidi ya nusu karne. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga ngome Machakos mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1892 John Ainsworth akafika kuisimamia. Reli ilipojengwa ilipita mbali na mji huo, na mwaka 1899 Ainsworth akahamishia makao yake Nairobi. Tangu hapo kila karatasi yenye uzito ikitua Machakos hupumzika kidogo tu kabla ya kuendelea na safari. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1901, kilichoandikwa kilikuwa nyumba na mwenye nyumba, na mwenye nyumba hakuwa na sababu yoyote ya kutamani kuuona ukurasa wake. Alitamani usiwepo.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilihitaji wapagazi wengi kwa haraka wa kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya Afrika Mashariki, na aliyekabidhiwa kazi ya kuwakusanya ni Ainsworth yule yule. Vijana wa Ukambani walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Wengi hawakurudi, wakauawa na maradhi na njaa zaidi ya risasi, na baada ya vita mishahara ya maelfu ya marehemu haikulipwa kwa hoja kwamba jamaa zao hawakuweza kutambuliwa. Serikali iliyojua kumpata kijana nyumbani kwao ili abebe mzigo haikujua kuipata nyumba hiyo hiyo ili ilipe haki ya maiti. Msomaji alikumbuke hili, kwa kuwa tutakutana tena na serikali isiyojua nani amekufa.

Kipande kilifuata. Sheria yake ni ya mwaka 1915, lakini ilianza kutumika kwa nguvu baada ya vita, kuanzia 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka kumi na sita alipaswa kuwa nacho, chenye alama za vidole vyake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Mwenyewe alibeba karatasi. Kumbukumbu kamili zilikuwa Nairobi.

Halafu ng'ombe nao wakaandikwa. Mwaka 1938 serikali iliamua kwamba mifugo ya Machakos imezidi uwezo wa ardhi. Kila mahali palipangiwa idadi, ng'ombe walioruhusiwa kubaki wakapigwa chapa, na waliosalia wakauzwa kwa bei ya kutupa huku kiwanda cha nyama cha Liebig's kikingoja Athi River. Muindi Mbingu na chama cha Ukamba Members Association waliongoza zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, hadi Nairobi kumwona Gavana Brooke-Popham, na wakakaa huko kwa wiki kadhaa. Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu. Serikali ikalegeza kamba, na kuuza ng'ombe kwa lazima kukasimama. Ndiyo mara ya kwanza, kwa ninavyoisoma historia hii, watu wa Machakos kuifuata orodha mpaka ilikopelekwa ili waihoji. Gharama ikawa ni kiongozi wao kukaa kizuizini pwani kwa miaka.

Mafaili ya zama hizo leo hayana mlinzi mkali. Yako Nairobi, katika jengo la zamani la benki kwenye Barabara ya Moi ambalo sasa ni Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, na alama ya mafaili ya wilaya ni DC/MKS. Unajiandikisha, unalipa ada ndogo, unajaza karatasi ya maombi, na baada ya kungoja kidogo unaletewa ripoti za mabwana shauri zilizochapwa kwa taipureta. Karatasi za mkoloni aliyekuwa hataki kusomwa sasa husomwa kwa urahisi kuliko daftari la wapigakura la mwaka 2022, na sidhani kama kuna aliyepanga iwe hivyo.

Kura yenyewe ilifika Machi 1957. Kwa mara ya kwanza Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wenyewe wa Baraza la Kutunga Sheria, viti vinane kwa nchi nzima, na Ukambani yote, Machakos na Kitui pamoja, ikapata kiti kimoja kilichochukuliwa na James Muimi. Kanuni za uandikishaji zilitokana na ripoti ya Walter Coutts, nazo zilikuwa za ajabu. Kura hukuipata kwa kuwa mtu mzima tu. Uliipata kwa kisomo, au kwa mapato ya pauni 120 kwa mwaka, au kwa mali ya pauni 500, au kwa utumishi wa muda mrefu, au kwa uzee wa heshima, na aliyejikusanyia sifa kadhaa aliweza kupewa kura mbili, hata tatu. Ukambani, ambako jeshi na polisi vilikuwa vimeajiri wanaume wengi, sifa ya utumishi haikuwa jambo dogo. Nchi nzima walioandikishwa hawakufika 130,000.

Daftari la namna hiyo lilikuwa na siri za watu. Aliyepewa kura tatu alikuwa amethibitisha mbele ya karani kile alichonacho, na mwenye kura moja alijulikana ni wa moja. Kujiandikisha kulihitaji vyeti, barua za mwajiri, na safari ya kwenda ofisi ya bwana shauri. Kwa mtu wa Kola hiyo ilikuwa siku nzima kwa miguu, na siku nyingine ya kurudi endapo karani angesema karatasi moja haipo. Mwaka uliofuata viti vya Waafrika viliongezwa na David Mumo akaingia Barazani kwa kiti cha Machakos. Kufikia 1961 masharti yalikuwa yamelegezwa sana na walioandikishwa wakapita milioni moja, na Mei 1963 kila mtu mzima akawa na haki ya kupiga kura, Machakos ikimfuata Paul Ngei na chama chake cha APP.

Kwa robo karne iliyofuata daftari lilikuwepo na uchaguzi ulikuwepo, ila kadiri chama kimoja kilivyozidi kukaza mkono ndivyo daftari lilivyozidi kupungukiwa na kazi. Kilele chake ni mlolongo. KANU, chama hicho kimoja, iliupitisha mwaka 1986, na Februari 1988 ukatumika katika mchujo nchini kote. Wanachama wa chama walipanga foleni nyuma ya mgombea au nyuma ya picha yake, wakahesabiwa mchana peupe, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa. Eneo lake halikuwa na haja ya kura ya siri ya mwezi Machi. Mpigakura hakutafutwa katika daftari la serikali. Aliulizwa kadi ya chama.

Watu wazima wa huku wanaukumbuka vizuri kwa sababu kila mmoja aliona kila kitu. Chifu aliona nani amesimama wapi, mwajiri aliona, baba mkwe aliona. Mistari ilipotawanyika, kumbukumbu pekee iliyobaki ilikuwa namba aliyoitangaza msimamizi, hata kama ile foleni fupi ndiyo iliyotangazwa kuwa ndefu. Hakukuwa na karatasi ya kuhesabu upya wala jina la kukagua. Mlolongo uliweka hadharani kinachopaswa kuwa siri, yaani kura ya mtu, na ukaficha kinachopaswa kuwa hadharani, yaani ushahidi wa nani alikuwa na haki ya kupiga. Jarida la Beyond, lililochapishwa na Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilieleza kwa kirefu wizi wa uchaguzi ule. Lilipigwa marufuku mwezi huo huo wa Machi, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa.

Uandikishaji wa 1992, wa kurudisha vyama vingi, ulipata karibu watu milioni nane. Vijana wengi waliachwa nje, inasemekana zaidi ya milioni moja, kwa kuwa walikosa vitambulisho. Hapo ndipo gharama ya daftari ilipojificha na mpaka leo haijatoka. Daftari lenyewe halina ada, lakini mlango wake ni kitambulisho, na kitambulisho kina safari zake, barua ya naibu wa chifu, miezi ya kungoja. Wanawake wa Kenya walianza kupewa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970 tu, kwa hiyo nyanya wa Kola aliyezaliwa kabla ya vita vya pili aliishi sehemu kubwa ya umri wake bila kitambulisho chenye jina lake. Mwaka 2024 ada ya kupata kitambulisho kingine baada ya kupoteza cha kwanza ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 1,000. Kwa kibarua wa shamba hizo ni siku kadhaa za jembe.

Baada ya maafa ya uchaguzi wa 2007, tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji mstaafu wa Afrika Kusini, Johann Kriegler, ilifungua lile daftari na kukuta linanuka. Kulikuwa na majina milioni 14.3, na kwa makadirio ya tume hiyo yapata milioni 1.2 yalikuwa ya watu waliokwisha kufa. Wanawake na vijana walikuwa wachache kuliko walivyo nchini. Pembeni ya orodha ya kompyuta palikuwa na vile vitabu vyeusi vilivyoandikwa kwa mkono vituoni wakati wa kusajili, navyo vikaruhusiwa kutumika siku ya kura, uamuzi ambao Kriegler aliukosoa. Tume ya Uchaguzi ya Samuel Kivuitu ikavunjwa.

Tiba iliyochaguliwa ni mashine. Mwishoni mwa 2012, kwa siku thelathini, mitambo ya BVR ilizungushwa nchini ikichukua picha na alama za vidole, na watu milioni 14.3 wakaandikwa upya. Hata hivyo kitabu cha mkono hakikufa. Katika kesi ya urais ya 2013 Mahakama ya Juu ilielezwa kwamba pamoja na sajili ya kielektroniki kulikuwa na orodha ya watu zaidi ya 36,000 ambao vidole vyao havikusomeka, na kulikuwa na kitabu cha kijani kilichojazwa kwa kalamu vituoni. Ukitafakari, wenye vidole visivyosomeka ni watu gani? Mikono ya jembe na ya mawe. Ukambani wapo.

Kabla ya uchaguzi wa 2017 kampuni ya KPMG ililipwa kukagua sajili. Ililinganisha orodha ya wapigakura na orodha ya vifo iliyopewa na serikali, ikapata marehemu 92,277. Lakini kwa hesabu za watu wanaotarajiwa kufa katika miaka mitano, ikakadiria kwamba marehemu waliomo walikuwa zaidi ya milioni moja. Mwaka 2022, sajili ikiwa na majina 22,120,458, KPMG ikarudi: marehemu karibu 246,000, rekodi zilizojirudia zaidi ya 480,000, na nyingine zenye vitambulisho visivyolingana na mwenye jina.

Tazama pengo lile la 2017, kati ya 92,277 na milioni moja. Hilo halikutokana na hila za mtu. Mkaguzi wa Nairobi hawezi kumwona maiti ambaye hakuandikwa. Mtu anapofia hospitalini, karani yupo. Anapofia nyumbani, kibali cha mazishi hutoka kwa naibu wa chifu, na kibali hicho kikiishia droo ya ofisi, au familia ikizika bila kukiomba, basi marehemu anaendelea kuwa mpigakura wa Jamhuri.

Machakos hii hii iliwahi kuonyesha kwamba vifo vinaweza kuhesabika. Katika miaka ya 1970 kituo cha utafiti wa tiba cha Nairobi, kilichoshirikiana na Waholanzi wa Amsterdam, kiliendesha mradi sehemu za Matungulu na Mbiuni, upande wa kaskazini wa wilaya. Wafanyakazi wake walibisha hodi katika kila boma kila baada ya wiki mbili, wakaandika waliozaliwa, waliougua na waliokufa, miaka nenda miaka rudi. Hakukuwa na kompyuta ya maana wala kidole kilichopigwa picha. Kulikuwa na mtu wa pale pale, daftari, na baiskeli au miguu. Takwimu zake zilisifiwa duniani kwa usahihi, kisha mradi ukafungwa.

Nadhani hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Kola nzima inajua nani amekufa Kola. Kila mtu alichanga, kila mtu alihudhuria. Inajua pia nani amehamia Mombasa miaka kumi iliyopita na nani hajawahi kuishi huku ila huonekana mwezi wa Agosti. Maarifa ambayo KPMG iliyanunua kwa fedha za umma na ikayapata nusu nusu, hapa yako barazani bila bei. Kinachokosekana ni orodha ya kuyalinganisha nayo.

Sheria inasemaje? Sheria ya Uchaguzi ya 2011, kifungu cha 6, inaagiza sajili iwe wazi kwa umma kuikagua wakati wote ili kurekebisha yaliyomo, isipokuwa kwa vipindi ambavyo IEBC, tume ya uchaguzi ya sasa, itaona inafaa kuifunga. Kwa maneno matupu hiyo ni milki ya wananchi. Kiutendaji, ofisi ya eneobunge iko Machakos, kwa hiyo anayetoka Kola analipa nauli ya kwenda na kurudi na kupoteza kibarua cha siku. Anaweza kubaki nyumbani akatuma namba ya kitambulisho kwa ujumbe wa simu, utaratibu ambao tume imekuwa ikiutumia katika chaguzi za karibuni, naye atajibiwa jina lake na kituo chake. Chake yeye. Kipindi cha uhakiki kinachokuja kabla ya uchaguzi mkuu kinampeleka hadi kituoni, anaweka kidole, mashine inamwonyesha sura yake mwenyewe. Hiyo ni huduma nzuri, na watu wengi imewaokoa na aibu ya kukosa jina siku ya kura. Ila ni kioo. Kwenye kioo huwaoni jirani zako.

Anayetaka kuona zaidi ya uso wake ana njia mbili za karatasi. Sheria ya IEBC inasema mwananchi anaweza kumwandikia katibu wa tume kuomba taarifa, na tume inaweza kutoza ada ya kadiri pale inapoingia gharama. Kisha kuna Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo ni karimu zaidi ya watu wanavyofikiri. Ombi lenyewe halilipiwi. Kinacholipiwa ni gharama halisi ya kunakili na kufikisha. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21, ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika anapaswa kusaidiwa. Ukinyimwa, unakata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu huiita Ombudsman. Sheria hiyo ni nzuri. Inadhani tu kwamba mwombaji ana muda, na muda ndicho kitu ambacho mwaka wa uchaguzi hauna: siku 21, kisha rufaa, kisha labda mahakama, na kura imeshapigwa.

Nchi nyingine zimeweka bei waziwazi, na bei zenyewe zinachekesha zikipangwa pamoja. Uingereza, anayeruhusiwa kununua sajili kwa njia ya data hulipa pauni 20 na pauni moja na nusu kwa kila majina elfu. Jimbo la Alabama huko Marekani limekuwa likitoza senti moja ya dola kwa kila jina, wakati North Carolina unajichukulia faili zima mtandaoni bila malipo. Machakos ilikuwa na wapigakura zaidi ya 680,000 mwaka 2022. Kwa kipimo cha Uingereza kaunti nzima ingeuzwa kwa pauni elfu moja na kidogo. Kwa Alabama, dola 6,800. India hubandika orodha vituoni na kuziweka mtandaoni, ila kwa picha ambazo kompyuta haizipekui kwa urahisi, na mwaka 2018 Mahakama yao ya Juu ilikataa ombi la mwanasiasa Kamal Nath la kutaka orodha inayopekulika. Karibu na kwetu, Tanzania huweka wazi daftari la awali kwenye vituo kwa siku chache, na mkazi anaweza kuweka pingamizi dhidi ya jina asiloamini.

Kuna hoja ya upande wa pili, na si ya kupuuzwa. Uingereza iligawa sajili yake mara mbili mwaka 2002 baada ya Brian Robertson wa Wakefield kushinda kesi akilalamika kwamba jina lake linauzwa kwa wafanyabiashara. Hapa Kenya, Juni 2021, maelfu ya watu walifungua tovuti ya serikali wakajikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kuvisikia. Mtu alikuwa amepata wapi namba zao za vitambulisho? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kwa sababu kama hizo. Halafu kuna jambo ambalo Kola halionekani kwa kuwa karibu kila jina pale ni la Kikamba. Nenda Bonde la Ufa, sehemu zilizoungua 2008. Huko orodha ya majina iliyobandikwa ukutani inatosha kumwambia mwenye nia mbaya ni nyumba ipi ya kuendea. Gharama ya kusomwa hailingani kutoka mahali hadi mahali, na sheria moja ya taifa ni vigumu kuona hilo.

Hata hivyo woga huo unatumika zaidi ya unavyostahili. Mwaka 2022 tume iliweka mtandaoni fomu za matokeo za vituo 46,229, na yeyote mwenye simu akazipakua akajumlisha mwenyewe, bila ada, bila barua. Nchi haikuanguka. Lilikuwa jambo bora kabisa kuwahi kufanywa na tume hiyo, na lilitokana na maumivu ya 2017, pale Mahakama ya Juu ilipoamuru seva zifunguliwe, tume ikashindwa kutii kikamilifu, na uchaguzi wa urais ukafutwa. Basi tuna nchi ambayo mtu wa Kola anaweza kuona bure ni kura ngapi zilipigwa katika shule ya msingi iliyo jirani, lakini hawezi kuona bila kusumbuka ni akina nani walikuwa na haki ya kuzipiga. Amepewa jibu la hesabu bila hesabu yenyewe.

Mimi ningeanza na kidogo. Jina na kituo tu, bila namba ya kitambulisho, bila tarehe ya kuzaliwa, bila simu. Karatasi iliyobandikwa kwenye ofisi ya naibu wa chifu na mlango wa shule kwa wiki kadhaa, na fomu ya kuripoti kifo inayojazwa pale pale na kushuhudiwa na wazee wawili. Mahali penye historia ya kumwaga damu pawe na utaratibu wake. Haihitaji mtambo mpya, na huenda ndiyo sababu hakuna anayeisukuma.

Kwa sasa njia bado inaelekea upande ule ule. Uandikishaji ulipofunguliwa tena Septemba 2025, chini ya tume mpya ya Erastus Ethekon, ulianzia kwenye ofisi za maeneobunge, kwa hiyo kijana wa Kola aliyetaka kuwa wa kwanza alipanda matatu kwenda Machakos, kama babu yake aliyebeba barua ya mwajiri kabla ya kura ya 1957, isipokuwa kwa lami na kwa nauli. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Sheria inataka sajili ifunguliwe vituoni kwa uhakiki siku zisizopungua 60 kabla ya hapo, yaani kufikia 11 Juni, na ikae wazi kwa siku 30. Watu wa Kola wataitwa mmoja mmoja, waweke kidole, na kila mmoja ataulizwa kuhusu jina lake peke yake.